Mikono Miwili Kule Sokcho

Jumatatu, 15 Oktoba

Sikio la kushoto bado linauma. Nimebadilisha plasta. Kosa langu mwenyewe, nilijitikisa Jong-seop aliponinyoa wiki iliyopita.

Habari mbaya. Asubuhi nimefungua duka, nikaona karatasi imebandikwa kwenye kioo cha saluni ng'ambo ya barabara. Nikavuka kuisoma. Ma Jong-seop anafunga saluni yake mwisho wa mwezi na anawashukuru wateja wote. Anahamia Daejeon kwa binti yake, kwenye jengo refu, ghorofa ya kumi na nne. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na habari zake nazisoma kwenye kioo kama mpita njia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka kuniambia ila aliniona nina wateja. Sijapata mteja tangu Alhamisi, na huyo wa Alhamisi alikuja kuulizia njia ya stesheni.

Nimekaa siku nzima nikikitazama kile kioo. Miaka yote, nikiinua macho kutoka kwenye madaftari na penseli zangu, namwona anakung'uta shuka la kunyolea. Yeye akiinua macho, ananiona mimi. Adhuhuri mmoja wetu anampungia mwenzake, na aliyepungiwa ndiye anayepika tambi. Kwangu mimi huo ndio mji wa Yeongju. Kwingine kote ni majengo.

Nimefikiria. Njia ni moja tu. Mdogo mtu hakatai neno la kaka yake. Kwa hiyo Jong-seop akubali kwamba mimi ni kaka yake, kisha nimkataze kuhama.

Kikwazo: hajawahi kukubali. Ukweli ni kwamba nilizaliwa mwaka wa Farasi, theluji ikiyeyuka, na yeye mwaka huohuo wa Farasi, mpunga ukivunwa. Lakini baba yangu, kama baba wengi wa enzi zile, alingoja aone kama nitaishi ndipo aende kuniandikisha. Alipokwenda, nilikuwa tayari natembea. Kwa hiyo serikali inasema mimi ni wa mwaka wa Mbuzi, unaofuata ule wa Farasi, yaani mdogo kwake. Jong-seop husema kila mwanamume asiyeipenda karatasi yake alikuwa na baba mchelewaji. Tulipokuwa vijana tulikata shauri: hakuna atakayemwita mwenzake kaka, tuitane majina tu.

Mpango ni kumtoa mjini, mbali na wateja na jamaa, nimfanye atende ya mdogo bila kujijua. Mdogo ndiye anayepanga vijiko mezani. Mdogo humimina pombe kwa mikono miwili na hugeuza uso akinywa mbele ya mkubwa. Akitenda hayo mara moja tu, amekiri. Nitampeleka Sokcho, kule baharini, tulikokwenda na shule tukiwa na miaka kumi na saba.

Myeong-rye, mke wangu, ameuliza kwa nini nisimwambie tu kwamba akiondoka nitakuwa mpweke. Nimemwambia huo si mpango.

Jioni nimevuka barabara. Nilimwambia Jong-seop tufunge siku chache twende Sokcho. Akasema, "Wewe ambaye hukufunga duka hata siku mwanao anaoa?" Nikasema nimeikumbuka bahari. Akasema bahari haijanikumbuka mimi, lakini twende. Kisha akanikalisha kitini, eti siwezi kwenda huko na mvi kama majivu ya jiko. Alinipaka rangi. Aliuliza kama naitaka nyeusi zaidi. Nikasema nyeusi zaidi. Nyingine imenifika shingoni. Taa ya saluni siku hizi ni hafifu.


Jumanne, 16 Oktoba

Safari ndefu, mabasi mawili. Nilisimama kando ya kiti cha dirishani nikimngoja aseme kama mdogo, "Keti wewe kwanza." Akapita, akaketi dirishani, akalala.

Myeong-rye alitufungia mayai ya kuchemsha na soda, kama tulivyofungiwa na mama zetu mwaka ule. Nilipoyafungua ile harufu ikarudisha kila kitu. Darasa zima kwenye basi moja, makuruta wa kupanda milima, tumeshiba mayai, na barabara inapinda. Kwenye mpando wa kwanza alitapika mmoja. Kwenye wa pili walitapika wote waliokuwa wakimcheka. Jong-seop alitapikia kofia yangu ya shule, mpya. Aliivaa yake kwa fahari safari nzima.

Jaribio la kwanza. Nilishika yai mkononi, nikasema kifundo cha mkono kinaniuma, sijui kama nitaweza kulimenya. Akalichukua. Akalimenya. Taratibu sana, anavunja vipande vidogovidogo, nusu ya ute ikaondoka na ganda. Nikanyoosha kiganja nilipokee. Halafu akalila. Akasema lilikuwa na chumvi ya kutosha.

Sokcho jioni. Milima imefuata mpaka baharini, vilevile. Nilijiandaa mapema kwa nyumba ya wageni: mama mwenye nyumba akituonyesha chumba, nitakohoa kikubwa, naye atajua mkubwa ni nani wa kupewa pale sakafu inapopashwa moto zaidi. Nikakohoa. Mama akanitazama, akamtazama Jong-seop na kichwa chake cheupe, akamwambia, "Mzee, wewe lala huku ukutani, sakafu ina moto zaidi. Mdogo wako atalala dirishani, damu yake bado ina joto."

Jong-seop akamshukuru sana. Nilimwambia mama kwa adabu kwamba kuna kosa. Akasema nisione haya, mvi hazina haraka, nami zitanifika.

Nimelala dirishani. Aliyenipaka rangi anakoroma penye moto.


Jumatano, 17 Oktoba

Ushindi. Lakini nianze mwanzo.

Asubuhi ufukweni. Upepo mkali, mchanga uleule. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwamba wetu, na Jong-seop akanifuata bila kuuliza tunakwenda wapi. Mwaka ule hakuna hata mmoja darasani aliyekuwa ameiona bahari. Mwalimu Tak alitupanga mstari kama kwaya tukaitazama. Mtoto wa muuza nguo alilia, akasema ni mchanga umemwingia. Mwalimu akatangaza kwamba maji hayo hayanywewi. Kwa hiyo mimi na Jong-seop tukajificha nyuma ya mwamba ili tuyanywe. Nilitangulia. Nikabugia kikombe kizima. Nikakaza uso, nikamwambia ni matamu kama ya kisima chetu. Akajaza chake, akanywa mpaka tone la mwisho. Tuliugua wote wawili hadi tunarudi Yeongju, tumelazwa kiti cha nyuma kichwa kwa miguu, na Mwalimu Tak akitupepea kwa daftari la mahudhurio huku akitutukana.

Huo ndio mpango wangu pekee uliowahi kufaulu kabisa. Nilimkumbusha leo. Alicheka mpaka akaegemea mwamba. Akasema, "Kisima chenu nacho kilikuwa kibaya."

Jioni, mkahawa wa samaki. Meza inataka vijiko na vijiti vipangwe, vimo kwenye kisanduku pembeni. Nilikunja mikono nikangoja. Naye akakunja mikono akangoja. Nikatazama dari. Akatazama kalenda. Mchuzi ukaletwa ukatoa mvuke, ukaacha kutoa mvuke. Mama mpishi akaja, akatupangia mwenyewe, akauliza kwa sauti ya chini kama tumemaliza kusali.

Kisha kikaletwa kichupa cha pombe ya soju. Sikukigusa. Jong-seop akakishika kwa mkono wa kulia. Akasita. Akaleta na wa kushoto, akauweka chini yake. Mikono miwili. Akanimiminia hivyo, pole pole, macho kwenye kikombe, kama mtoto mbele ya babu yake. Nikapokea kwa mkono mmoja, kama kaka. Kisha akainua chake, kwa miwili vilevile, akageuza uso upande wa dirisha, akanywa.

Nikanywa changu bila kugeuka. Jambo kubwa kama hili halitangazwi papo hapo. Miaka hamsini ya ubishi, imekwisha juu ya sahani ya samaki wa kuchoma.

Nimempigia simu Myeong-rye. Ameuliza kama nimemwambia. Nimesema nimefanya zaidi ya kumwambia.


Alhamisi, 18 Oktoba

Leo niliamua nisimkataze bado. Kaka mwenye busara haharakishi. Nilitaka kwanza nionje ukaka.

Tulivuka kwenda kijiji cha Abai kwa pantoni ya kuvutwa. Haina injini. Kuna waya wa chuma unaopita katikati, na abiria huuvuta kwa kulabu huku wakitembea juu ya mbao. Mwaka ule tulishindania zile kulabu mpaka Mwalimu Tak akatutishia fimbo. Leo nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi la wazee, nikakaa, nikaweka mikono magotini. Mwenye pantoni akanijia na kulabu. Akasema, "Kijana, simama utusaidie. Mwache mzee akae."

Nikamwambia mimi ni mzee kuliko huyo. Akatazama nywele zangu. Akatazama za Jong-seop. Wasichana wawili waliokuwa nyuma yetu wakaziba midomo.

Nimevuta. Jong-seop alikaa kwenye benchi langu, mikono mfukoni kama mkuu wa wilaya. Hakuitoa mifukoni hata mara moja. Nilimwambia tukiwa katikati ya maji kwamba kuvuta ni kazi ya mdogo. Akasema ndiyo maana nimepewa. Nikamwambia anajua vizuri kilichotokea jana mezani. Akageuka, akatazama maji. Nikajua anaona haya kwa kushindwa, nikamwacha na heshima yake.

Ng'ambo tulikula ngisi wa kujazwa wali na nyama. Mwenye mkahawa alizaliwa palepale. Alisema wazee wake walitoka kaskazini wakati wa vita, wakasimama hapa kungoja njia ifunguliwe warudi kwao. Baba yake alijenga kibanda kwa mbao za masanduku, hakutaka hata kupigilia misumari mirefu, maana alisema ni ya majira ya baridi moja tu. Mama huyo alikulia humo, akaolewa akitokea humo.

Jong-seop alimuuliza kama baba yake aliwahi kupazoea. Akasema, "Aliwazoea majirani. Mahali, hapana." Kisha akatuuliza kama ngisi wanatosha, akaenda kwa wateja wengine.

Jong-seop hakula tena. Vijiti aliviweka chini, kimoja kikabingirika hadi kwenye mchuzi wangu. Nilikitoa nikamrudishia. Baada ya muda alisema Daejeon haina bahari wala mlima wa maana. Alisema binti yake hupiga simu kila siku kumuuliza amekula nini. Nilimsogezea ngisi. Mpango unafanya kazi wenyewe. Kesho namalizia.


Ijumaa, 19 Oktoba

Sijui niandike nini. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi tulirudi kwenye mwamba, na chai ya shayiri kwenye chupa. Nilivaa jaketi safi. Nilisimama juu kidogo, yeye chini kidogo, kama inavyotakiwa. Nikamwambia kwamba juzi mezani alinimiminia kwa mikono miwili na akageuza uso akinywa. Kwa hiyo amekiri, kwa hiyo mimi ni kaka yake. Na kama kaka nasema: haendi Daejeon. Abandue ile karatasi kwenye kioo.

Alicheka. Alicheka sana, mpaka ndege wakaruka. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nilikuwa na la kujibu. Lakini alipomaliza, alichukua kifuniko cha chupa kilichojaa chai, akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu. Mmoja.

Chai ikaanza kucheza. Ikamwagika kwenye kifundo, kwenye mkono wa shati, kwenye mwamba. Aliiacha imwagike. Nusu yote.

"Haya, kaka," akasema. "Uniambie sasa, kinyozi wa namna hii akae ng'ambo ya barabara afanye nini?"

Alisema mikono ilianza kutetemeka majira ya kuchipua. Daktari anayejua ugonjwa huo yuko Daejeon, karibu na binti yake. Hakuniambia kwa sababu alijua nitatunga kitu. Ndivyo alivyosema: "Ungetunga kitu, na mimi ningekukubalia."

Nilikumbuka yai. Nilikumbuka mikono mfukoni. Nikashika sikio langu bila kutaka.

Akaona. Akasema, "Hukujitikisa." Nikasema nilijitikisa. Akasema amenyoa vichwa vya watu tangu atoke jeshini, anajua mtu aliyejitikisa na mtu aliyekaa kama jiwe, na mimi nilikaa kama jiwe. Nikasema nilitaka kupiga chafya. Akasema sikutaka. Tulibishana hilo mpaka chai iliyobaki ikapoa.

Kisha tukakaa. Mawimbi yalikuwa madogo. Ili niseme kitu, nikasema angalau ule mwaka nilimweza, pale nilipomnywesha maji ya chumvi. Akanigeukia.

"Gil-hwan. Machozi yalikuwa yanakutiririka mpaka kidevuni. Umekaza uso kama mtu anayeng'olewa jino. Nani angeamini yalikuwa matamu?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliyanywa.

"Ulikuwa umeshakunywa. Ningekuacha uugue peke yako?"

Alisema hivyo tu, kama anayeeleza kwa nini alifunga mlango. Akaanza kutafuta kifuniko cha chupa kilipobingirikia.

Nilifungua mdomo nimwambie lile la Myeong-rye. Lilikuwa tayari ulimini. Nikasema upepo umegeuka. Akasema, kweli, umegeuka.

Chakula cha jioni nilipanga vijiko mimi, na nikamimina mimi. Kwa mkono mmoja au miwili, sikumbuki. Hakuna aliyeangalia.


Jumapili, 21 Oktoba

Nyumbani. Jana sikuandika, tulichoka. Ndani ya basi aliniachia kiti cha dirishani. Nilikitaka juma zima, na nilipokipata sikuona chochote nje. Nilimmenyea mayai. Alikula mawili na kunisifu, akasema nina mkono wa kinyozi. Kisha akalala begani kwangu, nami nikakaa bila kusogea mpaka Yeongju. Kama jiwe. Ili ajue mtu aliyekaa kama jiwe anavyokuwa.

Leo saluni imefungwa, ni Jumapili, lakini pazia liko wazi. Karatasi bado iko kwenye kioo. Ncha moja imebanduka. Nilivuka nikaibandika vizuri, kisha nikajiuliza kwa nini nimeibandika.

Myeong-rye alisikiliza yote. Akaweka kando bakuli alilokuwa nalo mapajani. Akasema bado kuna siku kumi, duka liko hapa, barabara iko hapa, hatua chache tu. Nivuke nimwambie kwamba nitakuwa mpweke, na kwamba nitapanda basi kwenda kumwona kila mwezi. Nimemwambia huo si mpango.

Maana mpango ninao. Nimeupata ndani ya basi, bega likiwa limekufa ganzi, na sijui kwa nini sikuuona mapema. Nilikosea upande. Kaka hana nguvu ya kumzuia mdogo ambaye mikono yake inaumwa, hilo naliona. Lakini kaka gani atamwacha mdogo wake? Hakuna. Hata awe Daejeon, hata ghorofa ya kumi na nne, atageuka nyuma. Na serikali yenyewe inasema mimi ni wa mwaka wa Mbuzi. Baba alifanya vyema kuchelewa.

Kwa hiyo kuanzia kesho namwita kaka. Nitamtangulizia kiti, nitageuza uso nikinywa, nitasema ndiyo kaka, sawa kaka, mpaka aone haya kuondoka. Akienda kwa daktari, ataona haya kutorudi.

Jambo moja. Rangi imeanza kufifia pembeni, na mdogo mtu hawezi kuwa na mvi. Kesho asubuhi kabla ya kufungua duka nitavuka, nikae kitini, nimwambie anipake tena, nyeusi zaidi. Na anipunguze nywele kidogo kwa wembe, pande zote mbili. Atakataa. Nitakaa mpaka akubali.

Sikio la kulia bado ni zima.